Spika Iliyokohoa Hoteli Meksiko

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nguo zangu zote nilikuwa nimezivaa. Kaeni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa madereva. Wale wakifika Bungoma tu, habari itakuwa imeota mkia na pembe. (Ouma, ondoa hilo tabasamu. Hata sijaanza.)

Hoteli Meksiko mnaijua, hapa Malaba, ile inayotazamana na foleni ya malori. Mwenyewe ni Mzee Rajabu. Jina hilo alilitoa kwa wale vijana wetu wa mbio waliokwenda Meksiko wakarudi na medali shingoni. Alisema nchi iliyowapa vijana wetu dhahabu haiwezi kukosa baraka. Akamwita mchoraji wa mabango amchoree mtu aliyevaa ile kofia pana ya watu wa huko. Mchoraji hajawahi kuiona kofia yenyewe, basi akamchora mtu amejifunika sufuria. Chakula ni chapati, maharagwe, nyama ya kukaanga na chai. Dereva mmoja msomaji magazeti alimwambia Mzee kwamba hata huko Meksiko watu hula kitu kama chapati, na maharagwe juu yake. Mzee akajibu kwamba basi hakuna mahali amekosea.

Mahali alipokosea ni kwa spika.

Hoteli Meksiko ilikuwa na muziki mbaya kuliko hoteli zote za mpakani, na mimi sisemi hivyo kwa chuki. Ngoma zilisikika kama mtu anapiga debe. Gitaa halikutoka kabisa. Mwimbaji, awe nani, alisikika kama ana ugali moto mdomoni. Na dereva wa lori anayengoja karatasi zake zigongwe muhuri kwa kastamu anaweza kukaa mchana kutwa, na mtu wa kukaa mchana kutwa huchagua kiti chake kwa masikio. Hoteli ya ng'ambo ya barabara ilileta spika mpya kutoka Kisumu, safi, unasikia mpaka kidole kikiteleza kwa waya wa gitaa. Madereva wakahamia huko na matumbo yao. Mzee Rajabu alibaki na wateja wenye haraka na wateja wenye masikio mabovu.

Yeye mwenyewe hasikii vizuri. Amekaa karibu na ile spika miaka, na ukitaka akusikie lazima umwite mara mbili. Lakini hesabu za viti vitupu hazihitaji masikio, ndipo akaniita mimi, fundi wa redio. Nami kwa kujisifu (mnanijua) nikamwambia, "Mzee, nenda msikitini ukaswali. Ukirudi utakuta spika inaongea kama mtu mzima yuko ndani."

Haya maneno yashikeni.

Sasa, kabla sijaingia kwenye spika, lazima niingie kwa Amoit. Mnajua nataka kumwoa, na mnajua Jumamosi wazee wake wanakuja kuongea na wazee wangu. Msichojua ni kwamba mama yake alikuwa amenikubali nusu. Mama Amoit ni mtu wa Adungosi, mama wa kanisa, mkulima hasa, na hacheki ovyo. Alitaka binti yake apate mwalimu, au mtu mwenye shamba linaloonekana. Fundi wa redio, alisema, ni mtu anayeuza kelele. Ameniona mara moja tu maishani, kwa mbali, uwanjani kwa kanisa, nikiwa na hii suruali yangu ya bugaluu ya rangi ya machungwa. Habari zilinifikia kwamba aliuliza kitambaa chote hicho cha miguuni ni cha kazi gani. Amoit alinionya wiki hii. Alisema mama akisikia neno moja tu baya juu yangu kabla ya Jumamosi, atawaambia wazee wabaki nyumbani walishe ng'ombe.

Na mwiko wetu hamhitaji kufundishwa. Sisi wa Nambale na wao Wateso hatusikilizani kwa mambo mengi, lakini kwa hili tumekubaliana: mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo. Ukimwona njiani, unaingia kichakani na baiskeli yako. Kumkuta anakula ndiyo mbaya kabisa. Yule jamaa wa kwetu aliyekata kona akamgonga mama mkwe wake anatafuna mahindi ya kuchoma, harusi yake ilingoja mpaka mahindi mengine yakapandwa. Na yeye alikuwa mwalimu!

Basi leo asubuhi nikaenda Meksiko. Na nilivaa bugaluu, ndiyo. Fundi wa sauti hawezi kwenda kazini kama mchimba choo.

Mnalikumbuka sanduku la ile spika. Seremala alimtengenezea Mzee kabati la nguo, Mzee akashindwa kulipitisha mlango wa chumbani kwake, basi akaamua liwe sanduku la spika. Limesimama kwa kona, limenipita urefu kidogo. Mbele lina tundu kubwa la spika, limefunikwa kwa kitambaa chepesi ambacho aliye ndani anaona nje lakini aliye nje haoni ndani. Ubavuni lina mlango wake wa kabati, mzima, na bawaba zake.

Nikafungua, nikakagua. Karatasi ya spika ilikuwa imepasuka. Hilo si tatizo kwangu. Unakata karatasi ya mfuko wa simiti, unapika uji mzito wa muhogo, unabandika, unaanika juani. Ikikauka inakuwa ngumu na inaimba vizuri kuliko ya dukani. Nikaitoa spika yote, nikaibandika, nikaiweka nyuma ya jikoni juani, nikamwomba Nafula mpishi aiangalie. Mzee alikuwa amekwenda msikitini, hayo yote hakuyaona.

Nikarudi kwa sanduku. Sauti ikiwa ndani ya sanduku tupu inagonga mbao na kurudi, ndiyo maana ngoma zilikuwa debe. Dawa yake ni pamba. Mjomba wangu wa Namboboto alinipa gunia la pamba ya shambani, haijasafishwa, ina vumbi na mbegu. Nikaingia ndani mzima mzima, nikaanza kuipachika kwenye kuta kwa misumari midogo. Kazi ilikuwa inaenda vizuri. Nilikuwa nasikia raha, naona Jumamosi inakuja, namwona Amoit, nawaona madereva wakivuka barabara kurudi kwetu.

Halafu nikasikia sauti ya mama mtu mzima mlangoni, inasalimia watu kwa Kiteso.

Nikachungulia kwenye kitambaa. Alikuwa Mama Amoit. Kikapu cha njugu mkononi, kilemba cha kanisa kichwani, na nyuma yake Shangazi, dada ya baba yake Amoit, ambaye ndiye msemaji wao kwenye mahari. Walikuwa wametoka kuuza njugu zao, wakasikia njaa. Na katika hoteli zote za Malaba, wameingia Meksiko. Huko kwingine, nilimsikia akimwambia Shangazi, madereva wamejaa mno na wanatazama watu.

Ningetoka wapi? Mlango wa sanduku unatokea upande wa jikoni, na njia ya jikoni inapita mbele ya meza yao. Maana wamekaa meza ipi? Ile iliyo karibu na sanduku kuliko zote. Nikauvuta mlango polepole. Ukakataa kufunga, kuna kitu kiliushika kwa chini. Nikauvuta kwa nguvu. Ukafunga. (Na hilo pia likumbukeni.)

Nikasimama humo kwenye giza na pamba, nikijiambia kwamba watakula, watalipa, wataondoka. Wakaagiza chapati na maharagwe. Chakula kikaja. Nikamwona mama mkwe wangu akimega chapati. Nikafumba macho kwa heshima. Mimi hapo bado nilikuwa mtu mwenye adabu.

Ndipo Mzee Rajabu akarudi kutoka msikitini.

Akaona sanduku limefungwa, mimi sipo, akajua kazi imekwisha na fundi amekwenda zake. Uso wake ulifurahi, jamani, mpaka nikamwonea huruma. Akasimama katikati ya hoteli akawatangazia wateja kwamba leo Meksiko imepata sauti mpya. Akasimama barabarani akawatangazia na madereva, na wanne au watano wakavuka kuja kusikia, wengine na vikombe vya chai vya hoteli ile nyingine mkononi. Akaunganisha amplifaya na betri ya lori, akachagua sahani ya santuri, rumba ya Kongo, akaipangusa kwa kanzu, akaweka sindano.

Sahani ikazunguka. Kimya. Waya za spika zilikuwa zinaning'inia kando ya sikio langu, hazijashika chochote.

Madereva wakaanza kucheka. Mmoja alisema sauti hii mpya ni safi kweli, haina hata kelele. Mzee akagonga amplifaya. Akavuta waya. Kisha nikamsikia akisema ngoja afungue sanduku aone fundi amefanya nini, na nikasikia mkono wake kwenye kitasa.

Mbele yangu mama mkwe alikuwa na tonge la chapati mdomoni.

Sikufikiri. Ningefikiri, leo ningekuwa mtu wa heshima. Nilifungua kinywa nikaanza kuimba.

Mkono ukaachia kitasa. Nikasikia Mzee anapiga makofi. Nami maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikabidi niyaoge. Kilingala sikijui, ninyi mashahidi. Nilianza na yale maneno ya mapenzi kila mtu anayoyajua, yakaisha upesi. Basi nikashika majina ya kwetu, nikayavuta mwisho. Nambale eee. Namboboto ooo. Adungosi mama yangu. Gitaa nikalifanya kwa pua. Ngoma nikapiga kwa ngumi kwenye mbao, ila pole pole, pamba ikasaidia. Nitawaambia ukweli: ngoma zilitoka vizuri. Ile pamba ni dawa.

Hoteli ikatulia. Kisha dereva mmoja, mtu wa Mombasa, akasema hii sasa ndiyo spika. Mwingine, aliyewahi kupeleka mzigo mpaka Kongo, akawaeleza wenzake kwamba hicho ni Kilingala cha ndani kabisa, si cha mjini, na kwamba mwimbaji analia mapenzi yamemfunga gerezani. Sijui alikitoa wapi, lakini hakukosea.

Mzee akaenda kwenye amplifaya akaongeza sauti. Nilimwona kwenye kitambaa akizungusha kitufe. Ikabidi nami niongeze. Akapunguza, nikapunguza. Akaongeza tena, anawaonyesha madereva jinsi spika inavyotii. Mimi huku koo linawaka. Kisha lori likapita nje, sakafu ikatetemeka, sindano ikaruka. Nikaona kila mtu anatazama sahani, nikaelewa. Nikaimba "Nambale eee, Nambale eee, Nambale eee" mpaka Mzee alipoisogeza kwa kidole. Nilikuwa fundi mpaka hapo, jamani. Mtu asinipokonye hilo.

Na sikio langu moja lilikuwa kwa ile meza. Mama Amoit alisikiliza, akimega, akichovya. Akamwambia Shangazi kwamba hii ni sauti safi, mtu anasikia mpaka mwimbaji akivuta pumzi. Shangazi akasema ni kweli, lakini huyu mwimbaji ana mafua. Pamba, ndugu zangu. Vumbi la pamba lilikuwa limeanza kuniingia.

Wimbo nikaumaliza. Makofi. Mama Amoit akamwita Mzee mara mbili, akamuuliza kwa upole ni nani aliyetengeneza spika hii. Mzee akasema ni fundi mmoja kijana wa Nambale, anaitwa Wandera, kijana mwenye adabu sana. Mama mkwe akachovya tonge jingine. Kisha akasema, na hili nililisikia kwa masikio yangu, "Kumbe ana kazi ya kuonekana."

Niliegemea pamba yangu nikakaribia kulia. Yaani ndani ya kabati, kwenye joto, na jasho linachuruzika mpaka kwenye soksi, nilikuwa nimepata mke. Kilichobaki ni wamalize chai waende.

Hawakwenda. Mama Amoit akauliza kama spika hii inaweza pia sauti ya mwanamke.

Mzee akasema inaweza yote. Akaweka sahani ya mwanamke. Ningefanya nini? Nikabana koo, nikaimba ya mwanamke. Hapa sitaki kuongeza maneno. Dereva wa Kongo alisema huyu mama ni mzee lakini amezoea. Mama mkwe akasema ni nzuri, ila iongezwe sauti kidogo, Shangazi hasikii. Mzee akaongeza, nami nikapanda. Shangazi akasema bado. Nikapanda tena. Palikuwa na noti moja ya juu ambayo nilijua kwamba nikiifikia, nitaweza kupumzika. Nikafumba macho, nikakusanya kila kilichobaki kifuani, nikaikimbilia.

Sasa haya yafuatayo sikuyaona. Nimeambiwa baadaye, na watu wengi mno.

Nafula alitoka jikoni. Alikuwa amebeba spika kwa mikono miwili, kama trei. Akaja mpaka katikati ya hoteli, akanitafuta kwa macho, na kwa sababu muziki ulikuwa juu, akapaza sauti watu wote wasikie. "Fundi! Chukua spika yako, imekauka. Kuku wanadonoa muhogo."

Mimi nikaishika ile noti. Nikaishika vizuri kweli.

Nilipofumbua macho palikuwa kimya, kimya ambacho sahani haiwezi kuleta. Nafula amesimama mbele ya kitambaa, spika mkononi, haina hata waya mmoja. Mzee anaitazama spika, halafu analitazama sanduku, halafu anaitazama spika. Madereva wote wamegeuka. Na mimi, kwa hofu tu, kwa kutojua la kufanya, nikaimba tena. Kidogo. "Nambale eee." Kwa ile sauti ya mwanamke.

Halafu vumbi la pamba likanishika. Nikakohoa. Nilikohoa mpaka sanduku likatikisika na bango la yule mtu wa sufuria likaanguka kutoka ukutani.

Nasema hivi: sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Dereva wa Mombasa alilala juu ya meza. Yule wa Kongo alikuwa anawaambia wenzake kwamba alijua tangu mwanzo, na wao wanamkumbusha habari za gerezani. Watu wakavuka kutoka hoteli ya ng'ambo kuja kuona. Mzee Rajabu, maskini, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa. Alikuja akagonga mlango wa sanduku kwa adabu, akauliza, "Wandera, uko ndani?"

Nikamnong'oneza kwenye ufa kwamba niko, lakini siwezi kutoka, yule ni mama mkwe wangu. Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Mara ya tatu nikasema kwa sauti ya kawaida ya mtu, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza wasikie, hoteli nzima ikasikia. Mzee akashangaa. Akasema kama ni mama mkwe, basi mbona sikutoka kumsalimia na kumbusu mkono? Kwao ndiyo adabu. Kwetu ningekuwa nimezika harusi.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Maana wengi wao ni watu wa huku, wanajua. Wote wakageuka kumtazama Mama Amoit, na mimi huko ndani nikasikia Jumamosi inaondoka kwa miguu yake.

Mama Amoit hakuwa na haraka. Alimalizia chai yake. Alifuta mkono. Kisha akasimama, akakigeuza kiti chake mgongo kwa sanduku, akakaa tena, akatazama barabarani. Akaanza kuongea na Shangazi, ingawa Shangazi alikuwa hapo hapo na yeye alikuwa anaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kastamu.

"Shangazi, mwambie hiyo spika kwamba nilijua tangu wimbo wa kwanza."

Shangazi akaligeukia sanduku, uso kavu kabisa, akasema, "Spika, mama anasema alijua tangu wimbo wa kwanza."

"Mwambie kabati halivai suruali. Kipande cha kitambaa cha machungwa kimetoka chini ya mlango tangu tulipokaa. Kitambaa kile hakiko kwa mtu mwingine hapa wilayani."

Nikainama nikapapasa kwenye giza. Ni kweli. Nusu ya mguu wa bugaluu ilikuwa nje, imebanwa na mlango, na ilikuwa huko nje muda wote, kwenye meza yao, kama mgeni wa tatu.

Shangazi akaufikisha ujumbe wa suruali. Madereva walikuwa wanang'ata kofia zao.

"Mwambie nilitaka kuona atavumilia mpaka wapi. Ndiyo maana niliomba ya mwanamke."

"Spika, ile ya mwanamke ilikuwa ya makusudi."

Nami nilijibu nini? Nilisema, "Asante, mama." Niliona ndilo jibu lenye heshima.

Mama Amoit akavuta kikapu chake karibu, na mimi nilijua sasa neno linakuja. Hata Nafula aliiteremsha ile spika chini.

"Mwambie kuna vijana wa siku hizi, mkwe akimwona mama anakula, anapita tu na kiatu chake cha kisigino kirefu, anasema habari ya leo. Huyu ameingia kwenye kabati na pamba, ameimba kama mwanamke mbele ya madereva, na hakutoka. Mtu akinipa heshima namna hiyo siwezi kumfukuza. Wazee watakuja Jumamosi."

Nilikaa chini humo ndani. Nilisikia madereva wanashangilia, nikasikia Mzee anauliza wamesemaje, nikasikia Nafula akimpigia kelele sikioni kwamba imekubalika. Nami nikalia kidogo, na kukohoa kidogo, na kwa sababu ya pamba watu hawakujua ni kipi.

Nilidhani yamekwisha. Mama Amoit alikuwa ameshasimama na kikapu chake. Alivua leso yake ya begani akampa Shangazi, na Shangazi akaja akaining'iniza mbele ya kitambaa cha sanduku ili mama apite bila mimi kumwona na yeye bila kuniona. Adabu hasa, na mimi nikashukuru. Alipofika mlangoni akasimama.

"Shangazi, nilisahau. Kwa yale mambo ya mahari, ng'ombe ni wale wale tuliosema. Lakini mwambie aongeze redio."

"Redio ya aina gani?" Shangazi akauliza.

"Ile inayoimba yenyewe."

Wakaondoka. Nilitolewa kwenye sanduku na watu wawili, nimejaa pamba kichwani mpaka kwenye nyusi, suruali imechanika mpaka gotini. Mzee Rajabu amefunga spika mahali pake na inapiga vizuri sana, gitaa linatoka, ngoma si debe tena. Hakuna anayeisikiliza. Madereva wanagonga sanduku wanaomba wawekewe ule wa mwanamke, na mmoja aliniuliza kama upande wa pili nao uko. Hapa Malaba jina langu sasa ni Spika. Hata yule karani wa kastamu aliniita hivyo nilipopita, na yeye hatujawahi kusalimiana.

Basi ninachowaomba ni hiki. Redio nimeshaipata, nzima, ninaitengeneza leo leo kwa mikono yangu. Jumamosi mtanisindikiza nyumbani Nambale, Ouma ndiye ataibeba, na mkiwa pale uani mbele ya wazee mtanyamaza kama watu wazima. Na kama itatokea redio ikakohoa, tafadhali, msinitazame mimi.